Picha Elfu Nne za Mwalimu Anatoli

Ukimuuliza mwalimu Anatoli alianza kuchoka lini, hatakutajia ugonjwa wala uzee. Atakwambia alianza kuchoka siku ile binti yake Goodness alipomletea simu ya kugusa kutoka Geita. Kabla ya hapo alikuwa anachoka kama watu wengine wa Bulyamela: analima, analala, kesho anaamka analima tena. Ukatekista wenyewe, miaka ishirini na saba, vigango vitatu na baiskeli moja, ulikuwa bado haujamshinda. Simu ndiyo iliyommaliza.

Maana simu ile haikuwa yake. Aliletewa yeye, na kuichaji anaichaji yeye, lakini ilikuwa simu ya kigango kizima. Mtoto akibatizwa, "Mwalimu, tupige." Maharusi wakitoka kanisani, "Mwalimu, bado na wakwe." Mtu akifa, mwalimu anaongoza sala huku mkono wa pili unapiga picha jeneza, kwa sababu kuna ndugu yuko Mwanza hakupata nauli, naye atataka kuona kaka yake alizikwaje. Siku moja aliitwa kutoka shambani, jembe begani, aende kumpiga picha beberu. Akaenda. Na hakuna hata mmoja aliyeuliza picha hizo zinakaa wapi. Ziko kwa mwalimu, basi. Wengine waliwahi kurushiwa moja mbili, lakini simu za watu wetu unazijua, leo inaangukia kwenye ndoo ya maji, kesho inauzwa.

Hakuwa mtu wa kukataa. Mkewe Anisia alilisema hilo mpaka akachoka naye, akaamua kunyamaza, na kimya cha Anisia kilikuwa kibaya kuliko maneno yake.

Sasa mwaka huu, baada ya Pasaka, simu ikaanza kugoma. Ukitaka kupiga picha inakuandikia kwamba nafasi imejaa. Ukifuta mbili tatu, inakubali, kesho inagoma tena. Na mwezi wa tano kulikuwa na kipaimara, askofu mwenyewe anakuja, watoto sitini na mmoja, akina mama wameshashona sare. Mwalimu akaiona aibu inavyomjia kwa mbali. Alhamisi ya mnada akapanda baiskeli mpaka Runzewe, akamkuta machinga mmoja amepanga vitu vya simu kwenye turubai, akanunua memori. Kadi ndogo, haifiki hata ukucha wa kidole gumba, imeandikwa 128 kwa rangi ya dhahabu.

"Mzee wangu, hii hujazi mpaka unakufa," machinga alimwambia.

Bei ilikuwa ya chini mno, na hapo ndipo mtu aliyelala vizuri angeshtuka. Mwalimu Anatoli alikuwa hajalala vizuri tangu Kwaresima.

Jumapili baada ya ibada alikaa kwenye kiti chake nyuma ya nyumba, akaitia memori ndani ya simu, akafanya kama Goodness alivyomwelekeza. Chagua zote. Zikachagulika picha elfu nne na mia mbili na kitu. Simu ikamuuliza swali moja tu: nakili, au hamisha? Akafikiri kidogo. Kunakili ni kuziacha huku na kuziweka na kule. Yeye alikuwa anatafuta nafasi, picha mara mbili za nini? Akagusa hamisha. Na hata wewe ungegusa hapohapo, usijifanye mjanja.

Kamstari kale ka kuonyesha kazi inakwenda kalianza kutambaa saa nane mchana. Kalikuja kufika mwisho ng'ombe wanarudi. Mwalimu akafungua memori, akatazama picha ya kwanza, ikafunguka. Ya pili, ikafunguka. Akatazama kama thelathini hivi, zote safi, akaridhika. Ni tabia yake. Hata watoto wa mafundisho huwa anawauliza sala wale wa benchi la mbele, wakijibu vizuri anasema darasa zima linajua. Akarudi kwenye simu, akaikuta tupu na nyepesi, nafasi tele, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alijisikia amemaliza jambo. Kipaimara kikaja, akapiga picha mpaka kidole kikauma.

Mwezi wa nane, siku ya Jumatano, Mariana akaja.

Mariana ni mjane, nyumba yake iko nyuma ya kigango, ukitoka kanisani unapita uani kwake. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Maganga. Miaka minne iliyopita, kanisa likiwa limefika usawa wa madirisha, Maganga akiwa miongoni mwa vijana waliokuwa wanakoroga zege, aliamka alfajiri moja akawafungua maksai wawili wa mama yake, wale wa kulimia, akaondoka nao. Watu wakadhani anawapeleka malishoni. Aliwauza njiani, akaenda machimbo. Hakupiga simu wala hakutuma salamu. Mwaka ule Mariana alilima kwa jembe la mkono, na mwaka uliofuata, na uliofuata. Kuhusu maksai hakuwahi kumlaumu mtoto mbele ya mtu. Ukimgusia, anakuuliza kama mvua imenyesha kwenu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, mama Maganga. Kaa."

Hakukaa. "Mwalimu, amepatikana."

"Nani?"

"Nestory kamwona."

Nestory ni muuza mitumba wa Runzewe, ana gari dogo la mizigo, anazunguka minada yote mpaka machimbo ya Mwakitolyo. Si mtu wa Bulyamela, kahamia juzijuzi, Maganga hamjui kabisa. Alichosimulia ni hiki: mwezi uliopita, pale Mwakitolyo, kijana mmoja alikuwa anachagua suruali. Aliposikia Nestory anatokea Runzewe, akamuuliza, kanisa la Bulyamela lilishaezekwa? Nestory akasema ndiyo, bati jekundu. Kijana akalipa suruali, akaondoka. Wateja walikuwa wengi, Nestory hata sura yake hakuishika.

"Aliyeondoka kabla ya bati ni mmoja tu," alisema Mariana. "Nestory anakwenda tena Jumanne. Kasema nimpe picha. Nimesema picha ziko kwa mwalimu, alimpiga akiwa juu ya ukuta."

"Si atamuulizia tu kwa jina?"

"Kule hawajuani majina. Nestory kasema ukiuliza Maganga watakucheka. Kila mtu ana jina la hukohuko, yule anaitwa Chuma, yule anaitwa Gavana. Kule ni sura tu, mwalimu."

Na hilo ni kweli, mwalimu alilijua. Katika ukanda huu kuna akina mama wengi wanaotembea na picha kwenye khanga, wanaionyesha duara moja baada ya jingine, kila shimo inamochimbwa dhahabu: baba, huyu hajapita hapa? Bila picha, unamtafuta mtu asiye na jina kati ya maelfu.

Akachukua simu. Picha za ujenzi alizikumbuka zilivyo, kumi na mbili, kijana yuko juu ya ukuta na koleo mkononi. Akafungua memori, akashuka, akashuka. Picha za mwanzo zikapita vizuri. Kisha zikaanza kuja za kijivu. Kila mahali palipotakiwa kuwa na mtu palikuwa na kibati cha kijivu, katikati kuna alama ya mshangao. Akagusa kimoja. Simu ikasema faili haiwezi kufunguka. Akagusa kingine. Haiwezi kufunguka. Akashuka mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa kijivu vilevile.

"Vipi?" aliuliza Mariana.

"Chaji imekwisha," alisema mwalimu Anatoli. Mwalimu wa dini, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa. Simu ilikuwa na chaji nusu. "Nitakuletea kabla ya Jumanne."

"Wabeja, mwalimu," alisema Mariana, "wabeja sana," na shukrani hizo zilimchoma kuliko matusi.

Ijumaa alikuwa Kahama. Goodness alimwambia kwa simu aende Nyasubi, sokoni, amtafute fundi anaitwa Justa. Alimkuta kwenye kibanda chembamba, dada mmoja ana kitambaa kichwani na miwani ya kukuzia jichoni, hatazami mtu, anatazama simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nina shida."

"Wote mna shida. Leta."

Akaitoa memori, akaitia kwenye kompyuta yake, akaipekua. Kisha akavua miwani. Mwalimu alimwona uso unalegea, akajua.

"Baba, hii ulinunua mnadani?"

"Runzewe."

"Wamekupiga. Imeandikwa 128, lakini ndani haina hata nane. Wanaichezea ili ikidanganye chombo. Ukiweka picha inapokea tu, inapokea tu, inaandika majina yote, lakini ikishajaa kweli, zinazofuata hazikai popote. Una majina ya picha. Picha hakuna."

"Lakini nilizitazama. Zilifunguka."

"Ulitazama za mwanzo."

Mwalimu akazikumbuka zile thelathini.

"Na ulihamisha, hukukopi."

"Nilihamisha."

"Mmh. Ungekopi, zingekuwepo bado kwenye simu." Alisema polepole, kama hataki kumwongezea mzigo. "Simu yenyewe umeitumia tena tangu siku hiyo?"

"Kulikuwa na kipaimara."

"Umepiga nyingi?"

"Mia saba."

Justa alijaribu hata hivyo. Alijaribu kwa saa mbili nzima, watu wanasimama nyuma wanasonya, yeye anawaambia wasubiri. Zikatoka vipande: nusu ya keki, mguu wa bibi harusi, bati jekundu bila kanisa. Juu ya ukuta hapakutoka mtu. Mwishoni akamrudishia simu na kadi na akakataa kulipwa, na mwalimu akaona ni afadhali angemtoza, angeondoka na hasira badala ya aibu.

Alikaa kwenye benchi stendi, basi la kurudi likaja likaondoka, akalitazama tu. Alifikiria picha elfu nne. Marehemu wangapi mle! Watu waliompa nyuso zao wakaenda nyumbani wakiwa na amani. Aliwahi kuwafundisha watu jinsi ya kuungama, miaka ishirini na saba, wataje dhambi waziwazi, wasizunguke. Sasa zamu yake imefika anatafuta uongo wa pili wa kushikiza ule wa kwanza. Betri. Kioo kimepasuka. Goodness kaichukua. Alikuwa amechoka mpaka uongo wenyewe haukumpendeza.

Jumamosi akaenda uani kwa Mariana. Mama alikuwa anapepeta mpunga, akaacha ungo, akafuta mikono kwenye khanga, akainyoosha apokee.

"Sina picha, mama Maganga."

Mikono ikabaki pale.

Akamweleza yote, la memori, la kuhamisha, la Nyasubi, na la chaji ambayo haikuwa imekwisha. Hakuzunguka. Mariana alisikiliza mpaka mwisho. Kuku alikuja akaanza kula mpunga kwenye ungo, hakuna aliyemfukuza.

"Zote?" aliuliza.

"Zote za kipindi kile."

"Ulipiga ngapi za mwanangu?"

"Kumi na mbili."

Mariana akavuta kigoda, akakaa. "Basi niambie alivyokuwa. Nestory ataeleza kwa mdomo. Wewe ulimtazama sana siku ile, ulikuwa unamwambia geuka huku, geuka kule."

Mwalimu akafungua mdomo. Alikuwa na koleo, alisema. Alikuwa na shati... Akasita. Alikuwa juu ya ukuta. Jamani, mtoto aliyemfundisha sala mwenyewe! Alimtafuta kichwani kila upande na akakuta anakumbuka jua lilivyokuwa linampiga kwenye kioo cha simu, na jinsi alivyohangaika ukuta usikatike kwenye picha. Kijana alikuwa hayupo. Alikuwa amemtazama kupitia simu, na simu imekwenda naye.

"Sikumbuki," alisema, na machozi yakamtoka. "Nisamehe, mama. Sikumbuki uso wake."

Mariana alimtazama mtu huyu mzima analia uani kwake, na pengine alitaka kumfokea. Alikuwa na haki. Lakini alinyanyuka, akamfukuza kuku.

"Basi nitakwenda mwenyewe," alisema. "Mimi namkumbuka. Na wewe utanisindikiza, mwalimu, maana mimi sijawahi kuvuka Runzewe."

Anisia aliposikia alivunja ukimya wake. "Na goti hilo bovu?"

"Nitakwenda nalo."

Jumanne wakapanda gari la Nestory, Mariana mbele, mwalimu Anatoli nyuma juu ya marobota ya mitumba. Wakalala Kahama kwa dada yake Nestory, alfajiri wakaendelea. Vumbi lilimwingia mpaka kwenye meno. Walipofika Mwakitolyo jua lilikuwa limesimama na goti lilikuwa limevimba, akashuka kwa kushikwa mkono na mama aliyekuja kumsindikiza.

Nestory akapanga biashara yake. Wawili hao wakaanza kutembea.

Sijui kama umewahi kuwatazama wachimbaji wakiwa kazini. Wanaotoka shimoni wamejaa udongo. Wanaosaga mawe kwenye karasha ndio zaidi, unga wa mawe umewapaka kichwa mpaka kifua, nyusi nyeupe, kope nyeupe, unaweza kumpita baba yako. Mariana alisimama mbele ya duara la kwanza, akawatazama watu kumi na wanne wenye sura moja, akashika mdomo.

"Mayu, mama yetu, unatafuta nani?" mmoja alimuuliza kwa heshima.

"Mwanangu."

"Jina?"

"Jina lake hamlijui."

Yule kijana akamtazama, kisha akatazama wenzake. Hakucheka. Akachota maji kwenye pipa, akanawa uso pale mbele yake, akanawa vizuri, akajifuta kwa fulana, akasimama wima kama mtoto anayekaguliwa shuleni. "Mimi?"

"Siyo wewe, ng'wanone, mwanangu. Asante."

Wa pili naye akanawa. Wa tatu akanawa. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Walijipanga wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wengine wakubwa wenye ndevu, kila mtu ananawa na kuuleta uso wake, na Mariana anausoma, anasema, siyo wewe, asante. Kuna aliyeambiwa siyo wewe akabaki amesimama kidogo, kama alitaka aangaliwe tena. Habari ikawatangulia. Walipofika duara la pili walikuta beseni limeshawekwa. Duara la nne walikuta sabuni.

Mwalimu Anatoli alikuwa anachechemea nyuma, simu mfukoni, hakuitoa. Safari hii alitazama kwa macho. Alihesabu nyuso mpaka themanini na kitu, akaacha. Aliona haya, na chini ya haya aliona kitu kama heshima, na chini ya vyote alikuwa amechoka, amechoka kabisa, alitaka kukaa chini hapohapo kwenye kifusi.

Karasha ya mwisho ilikuwa chini kabisa, karibu na bwawa la tope. Watu tisa. Wanane wakanawa. Wa tisa alikuwa amekaa juu ya magunia ya mawe pembeni, mweupe wa unga, amekunja mikono.

"Na wewe, nawa, mama akuone," wenzake walimwambia.

"Mimi siyo," alisema, na akageukia upande wa bwawa.

"Nawa, bwana! Unapoteza nini?"

"Nimesema siyo mimi. Niacheni."

Wakaanza kumsema. Mariana akawanyamazisha kwa mkono. Alisimama pale kwa muda, anatazama watu wote tisa, kisha akaongea kwa sauti ambayo mwalimu hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

"Wanangu, mmenisaidia, Mungu awape. Simwoni niliyemfuata. Lakini ninyi mnazunguka, mnakutana na watu. Mkikutana na kijana wa Bulyamela, mwambieni mama yake alifika hapa. Mwambieni yale ya maksai yamekwisha. Nimeshanunua ndama, amekua, analima. Mwambieni nyumba ipo palepale, na mlango wa uani siufungi."

Karasha zilikuwa zinaunguruma kule juu. Yule wa kwenye magunia hakugeuka.

"Mwalimu, twende," alisema Mariana.

Walipanda kilima polepole, goti la mmoja na pumzi za mwenzake. Nestory alikuwa ameshafunga marobota. Safari hii mwalimu aliwekwa mbele, wakabanana watatu, gari likaondoka. Maduara yakaanza kubaki nyuma, moja moja.

"Nisamehe, mama Maganga," alisema mwalimu. "Tungekuwa na picha..."

"Mwalimu," alisema Mariana. Alikuwa anatazama barabara mbele. "Yule ambaye hakunawa."

"Mjeuri yule."

"Ndiye."

Mwalimu Anatoli hakuelewa. Kisha akaelewa, akamshika Nestory bega. "Simama! Simamisha gari!" Nestory akakanyaga breki, vumbi likawafunika.

Mariana aliushika mkono wa mwalimu, akauondoa taratibu kwenye bega la Nestory.

"Endesha, baba," alimwambia Nestory. "Endesha tu."

"Mama, miaka minne! Umemwacha pale!"

"Nimemjua tangu naingia, kabla hata hajasema kitu. Amekaa kama baba yake." Alifuta uso kwa khanga, vumbi na machozi pamoja. "Amekonda. Lakini mzima."

"Sasa kwa nini hukumwita?"

"Angetaka nimwone, angenawa. Tukirudi pale, kesho atakuwa ameshahama, atakwenda machimbo mengine, nami nitaanza upya. Endesha, Nestory. Sasa hivi angalau najua aliko."